Koitalel alijua vita vina mwenyewe

Ukiwa Mulot unaweza kunywa chai upande wa Bomet, uvuke mto Amalo, ununue mahindi Narok. Lakini huo mpaka ukichafuka, ujumbe huanza kuzunguka kwa simu: vijana watoke. Nikiuona, huwa namkumbuka Koitalel arap Samoei.

Babake, Kimnyole, alikuwa Orkoiyot wa Wanandi. Bila baraka za Orkoiyot, vijana hawakwendi vitani. Karibu mwaka 1890 alibariki uvamizi mmoja, na vijana wengi hawakurudi. Watu wake wenyewe wakamuua kwa rungu. Yaani enzi hizo, ukituma watoto wa watu, unaulizwa wako wapi.

Wanawe wawili wakagombania hicho kiti. Kipchomber arap Koilegen akashindwa, akahamia huku kwetu kwa Wakipsigis. Koitalel akakikalia, akijua vizuri kilichompata babake.

Kisha Waingereza wakaja na reli. Koitalel angeweza kunyamaza tu. Akachagua kupigana, na ikachukua kama miaka 10. Wanandi walivamia misafara, wakabeba vyuma vya reli na nyaya za telegrafu. Reli ilifika Kisumu 1901, lakini hawakuacha.

Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwa mazungumzo ya amani. Hakutuma kijana wa mtu. Alienda mwenyewe, na Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, akampiga risasi.

Bei yake haikuishia kwake, bana. Wanandi wengi waliuawa, maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa, mashamba yakaenda kwa walowezi. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa 1923 akaachiliwa 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Hata Kipchomber, ambaye hakuongoza vita kama hiyo, Waingereza walimhamisha 1914 na akafia huko mbali na watu wake.

Kwa hivyo siwezi kukudanganya eti ukikaa nyumbani uko salama, ama ukipigana utashinda. Kuchagua ni kwako. Lakini Koitalel aliweka mwili wake mbele ya uamuzi wake. Huyu wa siku hizi anayetuma ujumbe usiku, kwanza muulize: kesho asubuhi yeye atakuwa wapi? Na tukizika, atakuja matangani kumwangalia mama wa marehemu machoni?

Asipojibu, zima simu ulale.