Maisha ya Michael Faraday

Mhariri alitaka niandike habari za Mtwa Mkwawa, kwa kuwa mwezi wa nane kikundi chetu cha roboti kilisafiri kutoka hapa Mbeya mpaka Iringa, nasi tulipita Kalenga kuliona fuvu lake. Nikamwomba ruhusa nimwache Mtwa kwa muhula huu, maana habari zake zimekwisha andikwa na watu wanaozijua kuliko mimi. Badala yake nitaandika juu ya Mwingereza mmoja ambaye, kama asingalikuwako, roboti yetu isingalisogea hata kidogo.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, pembeni mwa mji wa London. Baba yake alikuwa mhunzi, lakini afya yake ilikuwa mbaya, na mhunzi asiyeweza kuinua nyundo hana mshahara. Mwaka 1801, nafaka zilipokuwa ghali sana, Michael alipewa mkate mmoja tu uwe chakula chake cha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Mwaka 1804 akawa tarishi katika duka la vitabu la Bwana George Riebau, akipeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata akafanywa mwanagenzi wa kutia vitabu majalada, kazi ya kujifunza kwa miaka saba.

Sasa tazameni watu waliomsaidia. Bwana Riebau hakumkataza kusoma vitabu vya wateja vilivyoletwa kutiwa majalada, na hivyo Michael akakutana na habari za umeme katika Encyclopaedia Britannica, na habari za kemia katika kitabu cha Bibi Jane Marcet. Mchoraji mmoja Mfaransa aitwaye Masquerier, aliyepanga katika nyumba ile, akamfundisha kuchora vyombo kwa vipimo vyake, naye Michael akawa akimsafishia chumba na viatu. Kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao, alimlipia shilingi moja kila mara alipokwenda kusikiliza masomo ya jioni ya Bwana John Tatum. Kisha mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, akampa tiketi za kumsikiliza Sir Humphry Davy, mtaalamu wa kemia aliyesifiwa kuliko wote Uingereza, akifundisha katika Royal Institution. Ukimtoa Bwana Riebau, aliyekuwa tajiri wake, hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aliyekuwa na wajibu kazini wa kumsaidia kijana yule. Walimsaidia tu.

Faraday aliandika yote aliyoyasikia kwa Davy, akachora picha za vyombo, akayatia jalada kwa mikono yake mwenyewe yakawa kitabu cha kurasa mia tatu, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alipendezwa, lakini nafasi haikuwapo. Ilipopatikana akamwita, na tarehe 1 Machi 1813 kijana akaanza kazi ya msaidizi katika maabara, kwa shilingi ishirini na tano kwa juma na vyumba viwili vya darini.

Mwaka ule ule Davy akamchukua katika safari ya Ufaransa na Italia, ikadumu mwaka mmoja na nusu. Huko Faraday aliwaona mabingwa wa Ulaya kwa macho yake, hata mzee Volta aliyevumbua betri. Lakini mtumishi wa Davy alikuwa amekataa kusafiri, ikawa Faraday afanye kazi zake pia, na mke wa Davy akamtendea kama boi wa nyumbani. Alivumilia. Nadhani mtu aliyekwisha lala njaa hupima mambo kwa mizani nyingine.

Hata Septemba 1821 ndipo alipofanya jambo lililonifanya nimchague. Alichukua chombo akatia zebaki, akasimamisha sumaku katikati yake, kisha akaning'iniza waya ambao ncha yake iligusa zebaki. Alipopitisha umeme, waya ukaanza kuizunguka sumaku, ukazunguka na kuzunguka pasipo kusukumwa na mkono wa mtu. Ile ndiyo mota ya kwanza ya umeme duniani. Roboti yetu ina mota nne, ukizifungua utakuta waya na sumaku. Werevu wa kuziunda umeongezeka sana tangu wakati ule, lakini kinachozizungusha ni kile kile.

Furaha yake haikukaa. Mtaalamu mwingine, Dakta William Wollaston, alikuwa amekwisha kujaribu jambo la namna ile mbele ya Davy asifanikiwe, naye Faraday alitangaza habari zake haraka bila kumtaja. Watu wakanong'ona kwamba kijana ameiba wazo. Mimi naona si wizi, maana jaribio la Wollaston lilikuwa tofauti, lakini kutomtaja hakukuwa na adabu. Mwaka 1823 rafiki zake walipompendekeza aingie Royal Society, chama kikubwa cha wataalamu wa sayansi, Davy ndiye aliyekuwa rais wake. Davy yule yule aliyemtoa dukani akamtaka aondoe jina lake. Faraday akakataa kwa heshima, na Januari 1824 akachaguliwa, kura moja tu ikimpinga. Mwaka uliofuata Davy akampendekeza awe mkuu wa maabara. Kwa hiyo siwezi kumwita mtu mbaya. Ila alimpenda Faraday kama msaidizi, na ilimwia vigumu kumwona akiwa mwenzake.

Habari hii ilitugusa sana katika kikundi chetu. Tu wanafunzi kumi na wawili, na tuna wakubwa watatu wanaojitolea: fundi redio mwenye kibanda Mwanjelwa, dada mmoja mhandisi wa umeme, na mzee mstaafu wa karakana ya TAZARA. Huja kila Jumamosi kwa nauli zao. Kule Iringa, roboti ilipotakiwa kuinua kopo na kulipeleka upande wa pili, mkono wake ulikwama, na muda unakwisha. Fundi aliweza kuutengeneza kwa dakika mbili, sote tulijua. Yeye akatia mikono mifukoni akarudi nyuma. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyegundua waya uliochomoka. Tukawa wa tatu kati ya shule tano, na mpaka leo wako wanafunzi bwenini wanaomlaumu Fundi, wakisema angaligusa tu tungalikuwa wa kwanza. Wazazi wawili walisema hivyo hivyo siku ya wageni. Mimi nasema kopo lile tuliliinua sisi, na kikombe kingalikuwa cha Fundi.

Tena mjini Iringa penyewe uko mfano ulio mzuri kuliko wa Davy. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona kwamba maziwa ya kutengenezea aiskrimu yaliyotiwa katika jokofu yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Baadaye alipokuwa Mkwawa, Iringa, shule ambayo majengo yake leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lake, wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja katika jarida la Physics Education. Jina la Mpemba lilitangulia, la Osborne likafuata. Wataalamu wanabishana juu ya jambo lenyewe hata sasa, nao huliita kwa jina la Mpemba.

Turudi kwa Faraday. Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia waya mbili katika pete moja ya chuma, na kila alipofunga au kukata umeme katika waya mmoja, umeme ukapita kidogo katika wa pili. Miezi miwili baadaye akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, akapata umeme usiokatika. Maji ya Ruaha Mkuu yanayotoka huku kwetu nyanda za juu na kupita Usangu huzungusha mitambo ya Mtera na Kidatu kwa kanuni hiyo hiyo.

Liko jambo moja linalonishangaza kwake. Mtu huyu aliyelelewa na watu wengi hivi hakumlea mwanafunzi hata mmoja katika maabara yake. Alikuwa na msaidizi tu, askari mstaafu jina lake Anderson. Labda alikumbuka mambo ya Davy, labda alipenda kufanya kazi peke yake. Lakini watoto hakuwanyima. Tangu 1827 mpaka Krismasi ya mwaka 1860 aliwafundisha vijana wakati wa Krismasi mara kumi na tisa, akiwaonyesha mambo kwa vitu walivyovijua nyumbani. Masomo yanayokumbukwa zaidi yalihusu mshumaa tu, jinsi unavyowaka. Masomo hayo ya Krismasi huendelea hata leo.

Hesabu ilimshinda maisha yake yote. Alipokuwa mzee, kijana James Clerk Maxwell, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1831, akayageuza mawazo yake juu ya umeme na sumaku kuwa hesabu. Mwaka 1857 Faraday alimwandikia, akamwomba aeleze maana yake kwa maneno ya kawaida ili naye apate kuelewa. Alikuwa na miaka sitini na sita, na yule kijana ishirini na sita.

Mwaka huo huo alitakiwa awe rais wa Royal Society, kiti alichokalia Davy, akakataa. Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa Hampton Court. Kumbukumbu zake zilikuwa zikipotea, naye alizidi kudhoofika mpaka akafariki tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini. Yeye na mkewe Sarah hawakupata mtoto. Amezikwa Highgate, London, na jiwe la kaburi lake lina jina lake, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa.