Willis Carrier, aliyekuwa akitafuta hewa kavu

Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa bado hazijakolea, hata Songea hupata joto. Wageni kutoka Dar es Salaam hutucheka tukilalamika, maana mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni tunatembea na makoti. Lakini chumba cha studio hakifunguliwi dirisha wakati wa matangazo, na feni ikiwaka huvuma ndani ya maikrofoni. Ndiyo maana mwaka mmoja tulichanga fedha tukanunua kiyoyozi kidogo cha magurudumu, kile cha kusukuma kutoka chumba hadi chumba. Tukakiweka kwenye kona, tukakichomeka kwenye umeme, na lile bomba lake pana la plastiki tukalikunja nyuma yake. Aliyetuuzia hakutueleza kazi ya bomba, na sisi hatukuuliza. Baada ya saa moja chumba kilikuwa cha moto kuliko tulivyokikuta.

Tangu tulisimulie jambo hilo hewani, maswali ya viyoyozi hayajakoma. Wengine wanatoka mjini, wengine Tunduru, wengine Mbamba Bay kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Leo tunajibu kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake bado limeandikwa kwenye viyoyozi vingi, yaani Willis Carrier. Ukiyajua aliyoyahangaikia, utajua pia cha kuuliza dukani.

Willis Haviland Carrier alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876 katika kijiji kinachoitwa Angola. Si Angola ya Afrika, bali ni Angola ya jimbo la New York nchini Marekani, karibu na Ziwa Erie. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipokwama kwenye hesabu za sehemu, mama yake alichukua matofaa kutoka ghalani akamwambia ayakate nusu, robo na thumuni, kisha ayajumlishe vipande hivyo. Mtoto akaelewa. Mama huyo alifariki Willis akiwa na miaka 11, lakini somo la matofaa lilibaki naye, na kila alipokutana na tatizo kubwa alilikata vipande.

Miaka ya 1890 uchumi wa Marekani uliyumba na fedha nyumbani kwao zikawa haba. Willis akafundisha shule kwanza, kisha akapata nafasi ya ufadhili Chuo Kikuu cha Cornell, ambako alijisaidia kwa vibarua. Alihitimu uhandisi mwaka 1901, akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa dola 10 kwa wiki. Kazi yake ya mwanzo ingeeleweka vizuri kwa ndugu zetu wa Mbinga: alisanifu mitambo ya kukaushia mbao na kahawa. Alianza kwenye joto, na humo ndimo alimojifunza tabia za unyevu.

Mwaka 1902 lilikuja tatizo kutoka kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, jijini New York. Kiwanda hicho kilichapa picha za rangi, rangi moja baada ya nyingine juu ya karatasi ileile. Wakati wa kiangazi cha huko hewa hujaa unyevu. Karatasi zikavimba kidogo leo na kusinyaa kesho, rangi zikawa haziangukii mahali pake, na kazi ikaharibika. Hakuna aliyemwomba Carrier awafurahishe wafanyakazi kwa ubaridi. Waliomba karatasi itulie. Tarehe 17 Julai 1902, akiwa na miaka 25, alikamilisha michoro ya mtambo uliopitisha hewa juu ya mabomba ya baridi. Hewa ikipoa, maji yake huganda kuwa matone, kama jasho linalotoka kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na inayobaki huwa kavu zaidi.

Mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa akisubiri treni mjini Pittsburgh, usiku, ukungu umetanda. Akiutazama aliona kwamba ile ni hewa iliyoshiba maji, lakini kwa kuwa ni ya baridi, maji yenyewe ni machache. Basi angeweza kuinyunyizia hewa maji baridi na bado akaikausha, mradi achague ubaridi sahihi wa maji hayo. Alipewa hataza ya mtambo huo tarehe 2 Januari 1906. Hapa Songea mwaka huo tunaukumbuka kwa jambo lingine, kwani tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu wa Majimaji.

Mwaka 1911 Carrier aliwasilisha kwa wahandisi wenzake kanuni za hesabu zinazounganisha joto la hewa na unyevu wake. Mafundi wanazitumia hadi leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mwajiri wake aliamua kuifunga idara ya viyoyozi. Carrier na wahandisi wenzake sita wakachanga dola 32,600, na mwaka 1915 wakaanzisha kampuni yao. Hatari ilikuwa kubwa, maana wateja walikuwa viwanda, na mitambo ya wakati ule ilitumia gesi ya amonia, ambayo ni sumu.

Mwaka 1922 kampuni ilionyesha mtambo mpya wa kupoza, mdogo na salama zaidi. Mwaka 1925 mtambo wa aina hiyo ulifungwa katika ukumbi wa sinema wa Rivoli, New York. Siku ya kwanza watu waliingia na vipepeo vyao mkononi kama kawaida. Mtambo ulichelewa kuwashwa, ukumbi ukawa na joto, na Carrier akasimama nyuma akiwatazama kwa wasiwasi. Kidogokidogo vipepeo vikashuka, mmoja baada ya mwingine, hadi vikatulia vyote.

Nyumbani hakukuwa kwepesi. Alioa mara tatu, kwa kuwa wake zake wawili wa mwanzo walifariki, na alilea watoto wawili wa kiume aliowaasili. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1950, akikaribia miaka 74. Viyoyozi vya nyumbani vilienea sana baada ya yeye kuondoka.

Sasa turudi dukani. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto na unyevu wa chumba na kuvitupa kwingine. Cha magurudumu kina kila kitu ndani ya sanduku moja, kwa hiyo bomba lake lazima litoke nje, na nafasi inayobaki dirishani izibwe. Sisi tulitoboa ukuta, na studio ikapoa siku hiyohiyo. Chenye bomba moja hunyonya hewa ya chumbani na kuitupa nje, kisha ya moto huingia kupitia nyufa za mlango. Chenye mabomba mawili kina nafuu.

Pili, tenganisha kiyoyozi na feni ya maji, ambayo wauzaji wengine nayo huiita kiyoyozi. Feni ya maji haina kompresa. Hupoza kwa kuongeza unyevu. Songea mwezi Oktoba, hewa ikiwa kavu, inasaidia, tena kwa umeme kidogo, mradi dirisha liwe wazi. Mbamba Bay wakati wa mvua, ziwani, ambako ni chini na hewa imeshiba maji, itakulowesha tu. Msikilizaji mmoja wa huko alimnunulia mama yake mgonjwa, na shuka zikawa mbichi kila asubuhi. Hakudanganywa na mashine. Aliambiwa jina lisilo lake.

Tatu, piga hesabu ya LUKU. Kiyoyozi cha magurudumu cha BTU 12,000 hula uniti moja au zaidi kidogo kwa kila saa kompresa ikifanya kazi. Kipe soketi yake ukutani, usitumie waya wa kuunganishia. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tatu au nne ndipo ukiwashe. Mwaga maji ya tangi lake yanapojaa.

Na kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji akuonyeshe mambo mawili: kompresa iko wapi, na bomba linatokea wapi. Akishindwa, shika kofia yako uende duka la pili.