Daktari Plowright na ng'ombe wasiosahau

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi, nikapanda matatu katikati ya jiji kwenda kumtazama jamaa yangu Kabete. Njiani nikamkumbuka mtu ambaye sisi tunaochinja kila Idi tunafaa kumjua: Walter Plowright.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1923 na kuhitimu udaktari wa mifugo mwaka 1944. Jeshi ndilo lililomleta Kenya mara ya kwanza. Baadaye alirudi kama daktari wa serikali ya kikoloni, akafanya kazi Kabete, kisha Nigeria. Mwaka 1956 alikabidhiwa kitengo cha patholojia huko Muguga, mwendo mfupi magharibi ya Nairobi.

Adui yake alikuwa sotoka, maradhi yaliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji na njaa.

Plowright alichukua kirusi cha sotoka kilichopatikana Kabete, akakikuza katika seli za figo za ndama, akakihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 90 hivi. Kirusi kikapoteza makali, lakini sura yake ikabaki. Siri ya chanjo iko hapo. Ng'ombe akidungwa, seli zake za kinga hujifunza sura ile na kuzaana kwa wingi. Kazi ikiisha, nyingi hufa, ila chache hubaki kuwa kumbukumbu. Sotoka halisi ikija, hizo chache huitambua na kuizima mapema. Dozi moja ilimtosha ng'ombe maisha yake yote.

Ng'ombe hakusahau, lakini kundi lilisahau. Kampeni kubwa ya chanjo Afrika ilianza mwaka 1962, na sotoka ikakaribia kwisha. Watu wakalegea. Ng'ombe waliochanjwa wakafa, ndama wakazaliwa bila kumbukumbu yoyote, na miaka ya 1980 maradhi yakarudi kwa kishindo. Ikabidi kuanza upya. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Meru.

Plowright aliondoka Muguga mwaka 1971, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, akafariki Februari 2010. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Tangazo hilo hakuliwahi.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu surua ni ndugu wa karibu wa sotoka, na ina ubaya wa ziada: huziharibu seli za kumbukumbu zenyewe. Mtoto anaweza kupona surua, kumbe mwili wake umesahau maradhi mengine uliyokwisha kuyashinda. Chanjo yake hutolewa akiwa na miezi 9, kisha 18, na wengi wetu ile ya pili huipuuza.

Wazazi wenzangu wa Pwani, hebu fungueni ile kadi ya kliniki leo. Tusiwe kama lile kundi.