Marehemu Abdulwahid Sykes na Jina la Baba Yake

Kila miaka mitano, msimu wa uchaguzi unapowadia, wananchi wa Mkoa wa Singida, kutoka Iramba hadi Manyoni, huiona sura moja ambayo wamekwisha kuizoea. Ni sura ya mtoto wa mgombea. Wala si mtoto mdogo wa kushikwa mkono, bali mtu mzima mwenye kazi yake, na pengine mwenye watoto wake. Husimama kando ya jukwaa, hupanga viti, hupokea lawama za watu wasioweza kumfikia baba, na jioni hurudi na vumbi mpaka kwenye kope. Wako wamsifuo kwa utii wake. Wako pia wanong'onao kuwa haja yake si ushindi wa baba, bali ni kile kiti chenyewe, siku baba atakapokiacha.

Manung'uniko hayo hatuyadharau. Nchi iliyoufuta utemi mwaka 1963 haiwezi kufurahi kuuona ukirejea kwa mlango wa uani. Lakini kabla ya kumhukumu kijana yule wa jukwaani, twaona yafaa tuyatazame maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa katika siasa, akaishi ndani yake tangu utoto, na siku ya kupigiwa kura ilipofika akashindwa. Mtu huyo ni marehemu Abdulwahid Sykes wa Dar es Salaam.

Baba yake, Kleist Sykes, alizaliwa Pangani mwaka 1894. Babu yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji pamoja na askari wa Wissmann ili kuwapigania Wajerumani. Na Kleist mwenyewe alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Hatulifichi jambo hili, kwani hapana mtu achaguaye mlango wa kuingilia duniani. Nyumba iliyokuja nchini ikiwa imebeba bunduki ya mkoloni ndiyo iliyotoa baadaye watu wa kumdai mkoloni hesabu yake.

Kleist alikuwa karani wa Reli. Mwaka 1924 Dakta Kwegyir Aggrey, mwana wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, alipita Dar es Salaam, na katika mazungumzo yao Kleist akapata wazo kwamba Waafrika wa Tanganyika nao wanahitaji chama chao. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, alizaliwa mwanawe Abdulwahid. Chama hicho, African Association, kikaundwa mwaka 1929, Cecil Matola akiwa Rais na Kleist akiwa Katibu. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka mitano. Wanachama wakajenga kwa kujitolea ofisi yao katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, ambao leo ni Lumumba. Mwaka 1933 Kleist akawa pia miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyowajengea watoto wa Kiislamu shule katika mtaa ule ule.

Basi, katika nyumba ya namna hiyo, siasa haikuwa neno la mkutanoni tu. Wageni huja wakati wa chakula, na barua hazimaliziki. Baba hurudi kazini, akavua koti, akavaa jingine aende katika shughuli za chama. Mtoto wa mwanasiasa hujifunza mapema kwamba baba yake ni mali ya watu wengi, naye hupata kilichobaki. Wengine huichukia siasa kwa sababu hiyo hiyo, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Abdulwahid hakuichukia. Katika Vita Kuu ya Pili aliingia jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Burma pamoja na maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki. Alirudi akiwa mtu mwingine. Aliyekwisha kumwona Mzungu akiogopa na kufa kama watu wengine, hawezi tena kumwogopa akiwa ameketi nyuma ya meza. Wakati huo chama cha baba yake kilikuwa kimekwisha kuenea bara. Mkutano wake mkuu wa mwaka 1945 ulifanyika Dodoma, makao makuu ya Jimbo la Kati, ambalo Singida ilikuwa mojawapo ya wilaya zake.

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo ule haukubaki bandarini. Ulipanda pamoja na Reli ya Kati, ile ipitayo Manyoni na Itigi, ukazitikisa stesheni hata huko bara. Baada yake makuli wakaunda chama chao cha wafanya kazi, na mwaka 1948 wakamtwaa Abdulwahid kuwa Katibu wao. Wafanya kazi wasomao gazeti hili watafahamu uzito wa jambo hilo. Makuli hawakuwa watu wa kubembelezwa kwa jina la ukoo. Jina la Sykes lilikuwa kubwa katika baraza za Gerezani na Kariakoo, lakini bandarini kilichotakiwa ni mtu wa kwenda kusema na kampuni kuhusu mshahara na saa za kazi, kisha arudi na jawabu.

Kleist alifariki mwaka 1949. Abdulwahid alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na hapo ndipo lilipokuja jaribio ambalo halisemwi sana. African Association, ambayo tangu 1948 ilikuwa imekwisha kuitwa Tanganyika African Association, yaani TAA, ilikuwa mikononi mwa wazee, na Rais wake alikuwa Mwalimu Thomas Plantan. Huyu hakuwa mgeni kwa Abdulwahid. Kleist alikuwa amelelewa katika nyumba ya Affande Plantan, babaye Thomas. Kwa hiyo Mwalimu Thomas alikuwa kama baba mdogo kwa kijana huyu. Lakini chama kilikuwa kimelala. Vijana, wakiongozwa na Abdulwahid na rafiki yake Hamza Mwapachu, walidai uchaguzi, na mwaka 1950 wazee wakaondoka. Dakta Vedasto Kyaruzi akawa Rais, Abdulwahid akawa Katibu. Wale wadhanio kwamba mtoto wa mwanasiasa huteleza tu mpaka kwenye kiti, nawafikiri ni uchungu gani kumwondoa mzee wa nyumbani kwako mwenyewe, kisha mkakutana naye katika harusi na matanga ya ukoo mmoja.

TAA mpya ilifanya kazi. Kamati yake ya siasa iliandika na kumpelekea Gavana Twining mapendekezo juu ya katiba ya nchi. Serikali nayo haikulala; Dakta Kyaruzi alihamishwa kutoka Dar es Salaam, na mzigo wa urais ukamwangukia Abdulwahid.

Mwishoni mwa mwaka 1952 Julius Nyerere alirejea kutoka Edinburgh, akawa mwalimu huko Pugu. Joseph Kasella Bantu ndiye aliyemfikisha kwa Abdulwahid. Mwisho wa juma mwalimu yule alikuwa akitoka Pugu kwenda Kariakoo, katika nyumba ya Abdulwahid, na mazungumzo yakawa marefu. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, TAA ilifanya uchaguzi wake. Mgombea mmoja alikuwa mwana wa mwasisi, mzaliwa wa mji, mwenye ukoo, marafiki na chama mkononi. Wa pili alikuwa mgeni mjini, asiye na mali wala jamaa, ila elimu yake na ufasaha wake. Kura zikapigwa, na mgeni akashinda.

Hapo ndipo tumpimapo mtu. Angeweza Abdulwahid kuondoka na watu wake, nao walikuwa wengi. Angeweza kuketi barazani akangojea mgeni ajikwae. Badala yake alikubali kuwa Makamu wa Rais chini ya mtu aliyemshinda, katika chama kilichoundwa na baba yake mwenyewe. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa, yeye na mdogo wake Ally walikuwa miongoni mwa waasisi kumi na saba. Nyerere alichukua kadi namba 1, Ally namba 2, na Abdulwahid namba 3. Na Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, hana mshahara, Abdulwahid alimpokea yeye na mkewe, Mama Maria, wakakaa nyumbani kwake kwa muda. Watu husahau kwamba vyama hulishwa na majiko ya watu.

Abdulwahid mwenyewe alikuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo, na watumishi walikuwa wamepigwa marufuku kujiingiza katika siasa. Kazi yake kwa TANU ikawa ya kimya, kati ya watu waliokuja sokoni kununua na kuuza. Uhuru ulipopatikana hakuwa waziri wala balozi. Mdogo wao Abbas ndiye aliyepata kuwa balozi. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1968, kabla ya kutimiza miaka arobaini na minne.

Baada ya hapo kimya kikatanda, na katika hilo Chama chenyewe hakina udhuru. Historia ya TANU iliyoandikwa na Chuo cha Kivukoni na kutolewa mwaka 1981 haikumpa nafasi aliyostahili, kana kwamba mambo yote yalianza mwaka 1954. Bahati nzuri Kleist alikuwa ameacha maandishi ya maisha yake. Daisy, binti wa Abdulwahid, aliyatumia kuandika habari za babu yake, zikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Maisha ya Abdulwahid yalingoja hadi mwaka 1998, Mohamed Said alipoyatoa katika kitabu kilichochapwa London. Mwanawe mwingine, aliyepewa jina la babu yake Kleist, aligombea kura za mji ule ule, akawa Meya wa Dar es Salaam. Naye alifariki mwaka 2017. Ile ofisi ya New Street ambayo babu yake na wenzake waliijenga kwa kujitolea ndiyo ilimozaliwa TANU.