Sheikh Al-Amin: Kadhi Aliyeshika Kalamu

Huku kwetu Ndara, kila niionapo reli iendayo Mombasa humkumbuka marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ingawa sikujaliwa kumwona.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake uliutawala mji huo hadi mwaka 1837. Yeye alikulia chini ya bendera ya Mwingereza. Basi swali lake lilikuwa zito: Waislamu wameangukaje, na watainukaje?

Alisoma kwa masheikh wa Mombasa na Unguja, kisha akayafuatilia maandishi ya Muhammad Abduh na Rashid Rida yaliyotoka Misri. Hakumtupia lawama mgeni peke yake. Aliwaambia watu wake kwamba wameipa elimu kisogo, wakashika uzushi na israfu. Mwaka 1930 akatoa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akiandika kwa Kiswahili ili hata asiyejua Kiarabu afahamu.

Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ndugu msomaji, waweza kuuliza: mrekebishaji huyu aliwezaje kuitumikia serikali ya kikoloni? Mimi naona kwamba kukikataa kiti kile kungeiachia sheria yao mikono isiyoijua.

Alifariki mwaka 1947. Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba ya mwaka 2010, lakini hilo ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili, yaani elimu na kujisahihisha, haiandikwi na serikali yoyote. Ni juu yetu wenyewe.