Tatu wa Fizi: muganga aliyekuwa anaacha dawa nyuma

Mwaka wa 1965, katika milima ya Fizi, hapa kwetu Kivu ya Kusini, kulipita mwanaume mmoja ambaye wapiganaji walikuwa wanamwita Tatu. Jina hilo ni namba ya Kiswahili tu. Mkubwa wa kikosi aliitwa Moja, aliyefuata akaitwa Mbili, naye akachukua la tatu kusudi asijulikane. Jina lake la kweli ni Ernesto Guevara, yule ambaye dunia nzima inamjua kama Che. Habari za vita vyake wakaaji wengi wamezisikia. Lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi sana: mtu huyo alikuwa mgonjwa maisha yake yote. Alikuwa na pumu.

Alizaliwa mwaka wa 1928 katika mji wa Rosario, nchi ya Argentina. Pumu ilimshika akiwa bado na miaka 2. Wazazi wake walihama wakaenda kukaa Alta Gracia, mji wa milimani wenye hewa kavu, juu ya ugonjwa wa mtoto tu. Miaka ya kwanza mama yake, Celia, alimfundisha kusoma nyumbani kwa sababu mara nyingi hakuweza kwenda shuleni.

Mtoto wa namna hiyo anakua huku kila mtu anamwambia usikimbie, usipate baridi. Ernesto alikataa. Alipokuwa kijana alicheza raga, mchezo wa kusukumana na kuangushana, na kando ya kiwanja kulikuwa rafiki amemshikia kibomba cha kuvuta dawa. Pumzi ikikata anatoka, anavuta dawa, anarudi kucheza. Hakutaka ahesabiwe kuwa mgonjwa. Ukaidi huo ulimsaidia sana maishani, lakini pia ulimletea hasara.

Mwaka wa 1953 alimaliza masomo ya udaktari Buenos Aires, na alikuwa amefanya kazi pamoja na daktari mtafiti wa mizio, yaani magonjwa ya mwili kukataa vumbi, vyakula na vitu vingine. Kwa hiyo hakukosa elimu. Alijua pumu kuliko wagonjwa wengi.

Mwaka wa 1955 huko Mexico alikutana na Fidel Castro, akaingia katika kundi lake kama daktari. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1956 watu 82 walipanda mashua ya Granma kuelekea Cuba. Waliondoka mbiombio, na daktari wa kundi akaondoka bila dawa yake ya pumu. Safari ilichukua siku 7 baharini, na ugonjwa ukamtesa njiani.

Siku tatu baada ya kufika, tarehe 5 Desemba, jeshi likawashambulia mahali panapoitwa Alegría de Pío. Katika kukimbia, mbele yake kulikuwa na sanduku mbili: moja la dawa, lingine la risasi. Hakuweza kubeba zote. Akachukua la risasi. Mwenyewe alilihesabu jambo hilo kama siku aliyochagua kati ya udaktari na vita.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka wa 1957, pumu ilimkamata vibaya sana katika milima ya Sierra Maestra. Dawa zilikuwa zimeisha. Miguu ilikataa kwenda, mwenzake mmoja akawa anamkokota na kumtukana kusudi atembee, askari wakiwa karibu. Ilibidi mkulima mmoja atumwe na pesa kwenda kutafuta dawa. Katika yote hayo, Che alikuwa anavuta sigara kubwa za Cuba na kiko, jambo ambalo daktari yeyote angemkataza mgonjwa wa pumu.

Baada ya ushindi wa 1959 alikuwa mkubwa wa benki kuu, kisha waziri wa viwanda. Aliacha vyote. Tarehe 24 Aprili 1965 alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akafika Kibamba, pwani ya Fizi, kusaidia waasi. Huko juu mvua na baridi havikumhurumia. Malaria ilimpiga, kuhara kukamdhoofisha, na pumu haikumwacha. Hata hivyo alikuwa anatibu wapiganaji na wakaaji wa vijiji.

Hapo Fizi alikuta dawa ya namna nyingine. Wapiganaji walikuwa wanapakwa dawa na muganga wa kienyeji kusudi risasi zisiwaingie. Ile dawa ilikuwa na masharti: usiguse kitu kisicho chako, usiguse mwanamke, usiogope. Mtu akipigwa risasi akafa, dawa haikulaumiwa. Walisema marehemu amevunja masharti. Che aliliona jambo hilo kuwa la hatari, kwa sababu hakuna mtu asiyeogopa vitani, na hakuna anayetaka kukiri mbele ya wenzake kwamba ameogopa. Kwa hiyo kila mmoja alinyamaza na woga wake.

Tarehe 21 Novemba 1965 alivuka tena ziwa, ameshindwa na amekonda. Mwaka uliofuata aliingia Bolivia. Safari hii dawa za pumu zilikuwepo, ila zilifichwa pamoja na vitu vingine katika mapango karibu na mto Ñancahuazú. Kundi likaenda mbali na mapango, njia ya kurudi ikafungwa. Tarehe 6 Julai 1967 watu wake waliingia mji mdogo wa Samaipata, wakapita kwenye famasi, lakini dawa aliyokuwa anahitaji hawakuileta. Mwezi wa Agosti alisikia kwenye redio kwamba jeshi limegundua mapango na kubeba kila kitu. Siku zile alikuwa anapanda farasi kwa sababu hakuweza kutembea. Siku moja farasi jike yule alipochelewa, alimchoma kisu shingoni kwa hasira. Baadaye aliwaita wenzake akakiri kwamba amepoteza uwezo wa kujizuia. Ndivyo ugonjwa usio na dawa unavyogusa hata akili ya mtu. Alikamatwa tarehe 8 Oktoba 1967, kesho yake akauawa katika kijiji cha La Higuera. Alikuwa na miaka 39.

Wakati wake dawa ya kuvuta kila siku ili kuzuia pumu ilikuwa bado haijapatikana. Ilikuja baadaye. Lakini yaliyomshinda Che yanawashinda wengi hata leo, toka Luhwindja mpaka Bukavu. Kuna anayemeza dawa za presha, za kisukari, za virusi vya ukimwi. Kuna aliyepandikizwa figo huko nje, ambaye lazima ameze kila siku, kwa saa ileile, dawa za kuzuia mwili usiikatae ile figo mpya. Akiacha, anaweza kujisikia mzima kwa muda huku figo inaharibika bila maumivu.

Mtu huyo mara nyingi hakosi akili wala elimu. Pengine amechoka kuitwa mgonjwa. Pengine ana aibu kutoa vidonge mbele ya watu wa machimbo Twangiza au mbele ya wakwe. Pengine ana safari ya haraka, au kazi ambayo anaiona kubwa kuliko mwili wake. Na akirudi kwenye kituo cha afya akakaripiwa kwamba amevunja masharti, safari ijayo atasema amemeza zote, kama wale wapiganaji walivyoficha woga.

Kwa hiyo jamaa wa mgonjwa na wauguzi wamuulize kwa upole siku ngapi alikosa na ni kitu gani kilimzuia. Dawa zigawanywe sehemu mbili: zingine nyumbani, zingine za siku chache katika mfuko anaotembea nao. Na awepo mtu mmoja anayemkumbusha, kama yule rafiki aliyesimama kando ya kiwanja na kibomba mkononi.