Askofu Steere: Wakili Aliyejenga Kanisa Juu ya Soko la Watu

Somo: Mwanzo 37:23-36, Amosi 2:6, Matendo 16:16-24

Wiki hii tunaendelea na maisha ya watumishi waliotutangulia. Nimemchagua mtu ambaye wengi wetu tunakula matunda ya kazi yake kila Jumapili na hatujui jina lake. Anaitwa Edward Steere. Alifariki mwaka wa 1882, kabla hata reli haijafika huku kwetu. Nawaomba mumsome vizuri, maana mwisho wa habari yake unagusa nyumba zetu hapa Lumakanda.

Niseme mapema kwamba Steere hakuwa Mpentekoste. Alikuwa Mwanglikana, tena wa ile mila ya kanzu na ubani. Lakini Mungu hamtumii mtu kwa sababu ya nguo zake.

Alizaliwa London mwaka wa 1828. Alisomea sheria mpaka akapata udaktari wa sheria mwaka wa 1850, na akakubaliwa kuwa wakili. Angeweza kukaa kwao akatajirika kwa kesi za watu. Badala yake aliingia katika utumishi, akawa mchungaji msaidizi katika makanisa madogo ya mashambani. Sisi wachungaji wasaidizi tunampenda mtu wa namna hiyo!

Wakati huo kulikuwa na umisheni mpya ulioitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Ulianzishwa baada ya David Livingstone kwenda Cambridge mwaka wa 1857 na kueleza jinsi watu wanavyouzwa katika nchi za Ziwa Nyasa. Kikundi cha kwanza kilikwenda kikapatwa na homa, njaa na vita, na askofu wao Mackenzie akafa mwaka wa 1862. Rafiki yake Steere, William Tozer, akachaguliwa kushika nafasi hiyo, na Steere akakubali kumsindikiza. Alikusudia kukaa muda mfupi tu. Ikawa ndiyo kazi ya maisha yake yote.

Mwaka wa 1864 walihamia Unguja. Waliona kwamba mzizi wa biashara hiyo ulikuwa hapo. Watu walitekwa bara, wakafungwa minyororo, wakatembezwa miezi mpaka Kilwa, kisha wakapakiwa majahazini kama mizigo. Katika miaka ya 1860 karibu watu 20,000 walipitishwa kila mwaka, na wengi walikufa njiani kabla hawajahesabiwa. Pale Mkunazini palikuwa na soko la wazi. Mnunuzi alikuja jioni, akamkagua mtu meno na misuli kama sisi tunavyokagua ng'ombe siku ya soko.

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu, kwa hiyo nikisoma habari hizi nauliza swali moja: nani alikuwa anapata faida? Jibu linaumiza, maana walikuwa wengi. Machifu wengine wa bara waliuza majirani zao. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliongoza misafara. Matajiri wa Kihindi waliwakopesha mtaji. Sultani alipata ushuru kwa kila kichwa. Na Wazungu na Wamarekani, hata wale waliokemea, walinunua pembe za ndovu na karafuu zilizobebwa na kuchumwa na watu hao hao. Hakuna kabila wala dini iliyokuwa na mikono safi. Ndugu zake Yusufu walipomuuza kwa vipande ishirini vya fedha, walikuwa watu wa nyumba moja wakila mezani pamoja.

Sasa hebu tuone jambo la sheria. Watu hufikiri hakukuwa na sheria. Ilikuwako! Sultani wa Oman na Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza mwaka wa 1822, na mwingine mwaka wa 1845, kuzuia watu wasipelekwe mbali. Lakini biashara iliendelea, tena ikakua. Kwa nini? Kwa sababu karatasi haikamati mtu. Soko lilibaki wazi mchana kweupe na ushuru ukaendelea kulipwa.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1873. Mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alifika akazungumza na Sultani Barghash, na Barghash akakataa. Balozi John Kirk akaendelea kumsukuma, na serikali yake ikatishia kuzingira kisiwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi. Soko la Mkunazini likafungwa, na kusafirisha mtumwa kwa bahari kukawa kosa. Safari hii kulikuwa na nguvu ya kutekeleza. Kuanzia mwaka wa 1874 meli ya kivita iitwayo London ilitia nanga Unguja, na mashua zake zikapekua majahazi mchana na usiku. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akijaribu kusimamisha jahazi lililobeba watumwa.

Je, biashara ilikufa? Hapana. Wafanyabiashara waliacha bahari wakatumia njia ya nchi kavu, wakiwatembeza watu kutoka Kilwa kufuata pwani kuelekea kaskazini, kisha wakawavusha usiku hadi Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalihitaji mikono. Ikabidi Barghash atoe amri nyingine mwaka wa 1876 kupiga marufuku misafara ya bara. Mnajua wenyewe: ukifunga kilabu kimoja cha chang'aa kando ya mto na wanywaji wako palepale na kiu yao, kesho kinafunguliwa kingine ng'ambo. Kama mahitaji yapo, bidhaa itatafuta njia.

Hapa ndipo namwona Steere kuwa mtu wa pekee. Alikuwa mwanasheria, alijua umuhimu wa sheria. Lakini alielewa kwamba baada ya polisi kuvunja mlango kuna kazi nyingine inayobaki, na hiyo kazi si ya polisi. Mtoto akishatolewa jahazini, anakwenda wapi? Kwao kumeteketezwa. Lugha ya mji haijui. Hana baba, hana mama, hana jembe. Ukimwacha sokoni, kabla jua kuzama atakuwa ameshikwa tena.

Mwaka ule wa 1864, Sultani Majid aliwakabidhi wamisheni wavulana watano waliokamatwa jahazini. Kazi ya Steere ilianza na hao watano. Akajifunza lugha ya watu kwa kukaa nao na kuwasikiliza. Mwaka wa 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili na kitabu cha hadithi alizosimuliwa Unguja. Aliweka mtambo wa kuchapa, na vijana waliokombolewa ndio waliopanga herufi. Fikirieni hilo: kijana aliyekuwa na bei, sasa anachapisha Neno. Mmoja wa wale watano, John Swedi, aliwekwa wakfu kuwa shemasi. Mwingine aliyekombolewa utotoni, Cecil Majaliwa, akawa kasisi mwaka wa 1890.

Soko lilipofungwa, umisheni ulipata kiwanja kile kile. Sehemu ilinunuliwa, na sehemu nyingine ikatolewa na tajiri mmoja wa Kihindi. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka wa 1873, miezi sita tu baada ya mnada wa mwisho. Mwaka uliofuata Steere akawa askofu, na mwenyewe akasimamia ujenzi. Paa lilikuwa la mawe ya matumbawe na saruji, bila mbao za kulishika, na watu walikuwa wakisema litaanguka. Halijaanguka mpaka leo. Inasimuliwa kwamba madhabahu yako pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Hata Barghash, aliyelazimishwa kufunga soko, ndiye aliyetoa saa ya mnara. Na ukienda, utaona nguzo fulani zimesimama kichwa chini. Wazee wa Unguja husema mafundi walizipindua siku askofu alipokuwa safarini, naye akaziacha hivyo.

Steere hakuishia kujenga. Kule Mbweni, nje ya mji, waliokombolewa walipewa mashamba na nyumba. Mwaka wa 1876 aliwachukua zaidi ya 50 kati yao, akavuka nao hadi Lindi, wakapanda kwa miguu kurudi upande wa nchi zao. Walipofika Masasi waliona ardhi ni nzuri, wakaomba wakae. Kikazaliwa kijiji cha watu huru katika njia ile ile waliyopitishwa na minyororo. Wenzetu wa Mombasa wanajua Freretown, iliyoanzishwa wakati huo huo kwa kazi kama hiyo.

Sitaki mfikiri kila kitu kilikwenda vizuri. Waliokombolewa waliishi chini ya sheria kali za wamisheni, na wengi hawakuulizwa wanataka nini. Steere alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu, na wiki chache baadaye Masasi ikavamiwa na watu wakachukuliwa mateka tena. Na kufunga soko hakukumaliza utumwa wenyewe. Unguja na Pemba sheria iliacha kuutambua mwaka wa 1897. Pwani yetu ya Kenya ilingoja mpaka 1907, miaka 34 baada ya soko kufungwa.

Lakini kabla hajafa aliacha Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Biblia nzima ikakamilika mwaka wa 1891. Tafsiri tunayosoma leo imejengwa juu ya kazi kama hizo na ile ya Krapf wa Rabai. Biblia iliyo mkononi mwako ina jasho la watu waliowahi kuuzwa.

Sasa nije nyumbani. Nani alisema soko limefungwa? Leo hakuna minyororo. Kuna ajenti mwenye simu nzuri, anayekuja kwa mama mwenye mashamba mawili na watoto sita, akisema kuna kazi Uarabuni, au kuna nyumba Nairobi ambapo binti atafanya kazi kidogo huku akisomeshwa. Vijana wa Kenya wenye digrii wameahidiwa kazi za kompyuta Asia, wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Pasipoti inachukuliwa, mshahara unakatwa deni la tikiti, simu inazimwa. Bei bado iko. Imebadilika jina tu, inaitwa kamisheni.

Na sheria tunayo, kama mwaka wa 1845. Katiba yetu, kifungu cha 30, inakataza utumwa. Sheria ya kupambana na ulanguzi wa watu ya mwaka wa 2010 inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili. Tena inasema kwamba hata kama mtu alikubali kwenda, hilo si kinga ya mlanguzi aliyemdanganya. Lakini polisi hawezi kukamata kitu ambacho kijiji kizima kimekificha kwa aibu, au kwa sababu ajenti ni shemeji ya mtu.

Juzi mtu aliniomba dakika mbili za matangazo baada ya ibada, awaambie vijana kuhusu nafasi za kazi ng'ambo. Nikamwambia karibu, ulete kwanza cheti cha ofisi yako kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na nakala ya mkataba tuusome na wazee. Alisema anarudi Alhamisi. Mpaka leo hajarudi. Baadaye mama mmoja wa kwaya akaniuliza kama nimewafungia vijana baraka. Namwelewa. Bei ya mahindi anaijua, na karo anaidaiwa. Ndiyo maana siwezi kukemea tu kisha niende zangu. Kukataa ajenti bila kuonyesha njia nyingine ni kufunga kilabu na kuacha kiu.

Kwa hiyo baraza la wazee limekubaliana mambo matatu. Kwanza, mtu yeyote mwenye mkataba wa kazi ya mbali aulete ofisini, tuusome pamoja bure, na tuhakikishe ofisi hiyo imesajiliwa, kabla hajatoa hata shilingi. Pili, ukiona mtoto anachukuliwa kwa njia usiyoielewa, mwambie chifu, polisi au afisa wa watoto, au piga 116, simu ya watoto isiyolipishwa. Usingoje kuwa na uhakika, kazi ya kuchunguza ni yao. Tatu, chama cha kina mama kimetenga sehemu ya mfuko wake iwe mikopo midogo ya kuku na mboga kwa wasichana waliomaliza shule, na kwa waliorudi.

Na kuhusu waliorudi. Tunao kati yetu, mnawajua. Walirudi bila sanduku, wengine na alama mwilini, na tukaanza kunong'ona kwamba walikwenda kutafuta makubwa. Wapendwa, tuache. Steere hakumuuliza mtoto wa jahazini ni kosa la nani. Alimpa mkeka, chakula, kitabu na kazi. Jumapili hii dada kama huyo akiingia, msogezee nafasi kwenye benchi lako, na baada ya ibada umwalike chai nyumbani.

Mungu awabariki. Tuonane katika ibada.